Goti Langu na Mafundo ya Akko Kabale

Merti

Tak.

Nilisikia kabla sijaona chochote, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa vumbi, na mdomo pia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama ya mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto. Nikajiuliza ni nani anayewasha moto katikati ya uwanja wa mpira. Kisha goti langu la kulia likanijibu.

Sauti ya pili ilikuja papo hapo, kubwa zaidi: mitungi ya plastiki ikibiringika, mmoja, miwili, mingi, na juu yake kicheko cha kina mama waliokuwa nyuma ya goli, wamekalia mitungi yao wakingoja zamu ya maji. Nikiwa kifudifudi pale chini nilijua wananicheka mimi. Nikawasamehe, maana hata mimi ningecheka.

Basi ndugu zangu wa kundi la wasomaji, mmeniuliza mmoja mmoja kwa simu, na kila mmoja nimempa kipande tofauti cha habari hii, mpaka nasikia huko kwetu Bulla Pesa, Isiolo, wengine wanasema niligongwa na lori na wengine kwamba nilipigwa teke na ngamia. Nitawasimulia mara moja, kwa mpangilio, halafu tuirudie hadithi fupi tuliyoiacha ukurasa wa kumi.

Mnajua nilikwenda Merti kwa mwezi mmoja kuandika, nikakaa kwa rafiki yangu Tume, mwalimu wa sekondari. Jumamosi hiyo walimu wa kike walikuwa wanacheza na wasichana wa mjini na wakapungukiwa na mtu. Tume aliniambia, "Simama tu pale pembeni, Nkatha. Mpira hautakufikia." Ulinifikia. Niliupiga nikiwa hewani, kwa roho yangu yote, na nikashuka kwa mguu mmoja uliokuwa umeangalia upande wake. Goli liliingia. Hilo niliambiwa. Ni goli langu la kwanza tangu kidato cha tatu na sikuliona.

Goti halikunyooka tena. Lilibaki limejikunja, kama mtu aliyeketi kwa hasira na hataki kuinuka. Tabibu wa kituo cha afya alinibonyeza taratibu, akasema haoni dalili ya mfupa kuvunjika, ila kuna kitu kimekwama ndani. "Daktari wa mifupa huja Isiolo Alhamisi moja kila mwezi," akaniambia. "Ni Alhamisi hii. Saa kumi jioni anaondoka. Ukimkosa utangoja mwezi mzima, na goti lililokwama likikaa mwezi mzima hivyo, mpira usahau. Pengine na ngazi pia."

Mwalimu wa hesabu, mtu mwema mwenye mikono kama sepetu, akajitolea kulivuta linyooke. Alikuwa ameshashika kisigino changu Akko Kabale alipoingia.

Merti nzima humwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Kazi yake ni kunyoosha mifupa ya watu na mbuzi, na yeye mwenyewe husema mbuzi ni wagonjwa bora kwa sababu hawamfundishi kazi. Ni mwembamba, mrefu, na huvaa mtandio mkubwa wa rangi ya manjano unaomfunika kutoka kichwani hadi magotini.

"Nani amesema uvutwe?" akauliza.

"Ni mimi, Akko," mwalimu akasema.

"Na wewe ukivutwa sikio, hesabu zinaingia?"

Mwalimu akaachia kisigino.

Akko alinifunga goti likiwa vilevile limejikunja. Alitumia vijiti vinne na kanda za ngozi mbichi ya mbuzi. Tume alishika ncha moja ya ukanda, Akko akavuta ya pili kwa mkono wa kushoto, akakaza fundo kwa meno. Mkono wa kulia ulibaki ndani ya mtandio. Nilidhani ndio mtindo wake. Fundi aliyebobea ana haki ya kuwa na mtindo.

"Mafundo haya nimefunga mimi na nitayafungua mimi," akasema alipomaliza. "Mtu mwingine asiyaguse."

Tume alinieleza baadaye. Kule ukifungua fundo la mnyoosha mifupa, mguu ule unakuwa mzigo wako. Ukipona ni wako, ukilemaa ni wako, na mwenye mguu ana haki ya kukujia mlangoni maisha yake yote. Kwa hiyo hakuna anayegusa, hata mlevi.

"Lakini Akko," nikasema, "mimi naenda Isiolo kwa daktari. Atataka kuliona goti."

Alinitazama kidogo. Akatazama mlango. Akanitazama tena.

"Basi tunaenda Isiolo," akasema.

Merti hadi Bulesa

Tuliondoka Jumatano asubuhi kwa lori la Kinoti, Mmeru wa Isiolo anayepeleka unga na sukari Merti na kurudi na mbuzi. Mbuzi walikaa chini, sisi juu yao kwenye vyuma, na kwa heshima ya goti langu walinitengenezea kiti cha magunia matupu nyuma ya kichwa cha lori. Nilikaa hapo kama malkia aliyepinduliwa.

"Salaam aleikum," alisema mzee mwenye mbuzi, Mzee Halake, mfanyabiashara wa mifugo mwenye ndevu zilizopakwa hina.

Akko akaitikia. Mimi nikasema habari. Mzee Halake akaangalia vijiti na ngozi, akamgeukia Akko. "Huyu ni yule wa goli?"

"Goli gani?" Akko akasema haraka. "Mimi sijui mambo ya mpira. Mpira ni wa watu wasio na mbuzi wa kuchunga."

"Lakini Jumamosi si ulikuwa kule kwa..."

"Nilikuwa kwa maji, Halake. Maji."

Mzee akacheka ndani ya ndevu. Sikuelewa kwa nini.

Mimi ni mtu wa kupenda mambo, mnanijua. Barabara ya Merti ilinifanya nisahau maumivu kwa saa nzima. Kushoto kulikuwa na mstari wa kijani wa miti ya mto Ewaso Nyiro, unaotembea nasi, unapotea, unarudi. Kulia ardhi ilikuwa nyekundu na tambarare mpaka ilipokutana na mbingu bila kupiga hodi. Nilimwambia Akko kwamba nchi hii imeandikwa kwa sentensi ndefu.

"Imeandikwa na nani?" akauliza.

"Ni namna ya kusema, Akko."

"Sema namna nyingine. Na usiuchezeshe mguu ukisema."

Tulipofika Bulesa alitoa kopo la nyirinyiri, vile vipande vidogo vya nyama vinavyokaangwa na kulala ndani ya samli, akanilisha kwa kijiko kama mtoto. Kila nilipodai nimeshiba aliongeza. Alikula yeye pia, kwa kushoto, na watu wawili upande wa nyuma wakatazamana. Kwa Waislamu wa kwetu mkono wa kushoto hauendi kinywani. Nikahitimisha kwamba Akko alizaliwa wa kushoto na kwamba hakuna aliyewahi kuthubutu kumrekebisha. Nilikuwa na majibu mengi sana siku hiyo, na yote hayakuwa sahihi.

Laga

Kati ya Bulesa na Biliqo kuna laga, yaani mto wa mchanga ambao hukaa mkavu mpaka mvua inyeshe mbali usikokuona. Siku hiyo ulikuwa na maji ya magotini, rangi ya chai ya maziwa. Kinoti akasimama, akashuka, akatembea ndani, akarudi.

"Lori litapita," akasema, "lakini likiwa jepesi. Abiria washuke. Mbuzi wakae."

"Kwa hiyo mbuzi ni wepesi kuliko sisi?" nikauliza.

"Mbuzi wamelipiwa kufika wakavu, dada."

Mzee Halake akasema atanibeba mgongoni. Nilikataa, akakataa kukataa kwangu. Akanipandisha, mguu wangu uliofungwa ukatoka mbele kama bunduki, tukaingia majini. Akko alitangulia akiwa ameinua nguo zake kwa mkono wa kushoto, akitupigia kelele za maelekezo bila kugeuka. Katikati ya laga mchanga ulimshika Mzee Halake mguu. Alipinda polepole sana, kwa heshima, akiomba radhi njia nzima, na sote wawili tukakaa ndani ya maji.

Waliokuwa ng'ambo walicheka. Mbuzi nao walilia, na nitakufa nikiamini kwamba kile pia kilikuwa kicheko.

Kitu kimoja hakikunichekesha. Ngozi ya mbuzi ikilowa hulainika. Ikikauka hujikunja. Nilikuwa najua hilo kwa ngoma, sikuwahi kulijua kwa mguu wangu mwenyewe.

Biliqo

Tulilala Biliqo kwa jamaa za Mzee Halake. Tulipewa chai yenye maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi wa mtungi uliofukizwa, na anjera za moto, ile mikate myembamba laini. Mzee Halake alimtazama Akko akipokea kikombe.

"Kabale, tangu lini unakunywa kwa kushoto kama mtu asiye na wazazi?"

"Mkono wa kulia nimeupumzisha," Akko akajibu. "Nauweka wa kumsalimia daktari wao."

Watu wakacheka. Nilicheka pia, na kwa kweli nilifurahi, nikidhani yule mama ana hamu ya kupambana. Njia nzima alikuwa akiniuliza juu ya daktari. Ni mzee au kijana? Anashika kwa nguvu? Ile mashine inayoona mifupa, inaona kupitia nguo? Inauma? Nilimjibu yote. Nilijiambia: anapima adui yake.

Asubuhi nikamwomba afungue mafundo kidogo, maana kanda zilikuwa zimeanza kunibana.

"Tukifika," akasema.

"Akko, vidole vyangu vya miguu vinawaka."

Alivibonyeza kwa kushoto, akatazama rangi ikirudi. "Damu inapita. Tukifika."

Akanipaka samli juu ya ngozi ili isikauke upesi. Toka hapo mbuzi wote walinipenda. Walininyooshea shingo kutoka chini wakitaka kulamba.

Biliqo hadi Archers Post

Alhamisi tulikuwa na muda wa kutosha. Saa tatu tulikuwa bado na muda. Saa nne gurudumu la nyuma likapasuka, na mmoja wa mbuzi, katika mshtuko ule, akaingiza mguu wa mbele kati ya mbao za lori ukavunjika.

Kinoti akalala chini ya lori na spana. Mzee Halake akamleta mbuzi mikononi, jike jeupe lenye masikio meusi, akamweka mbele ya Akko kwenye kivuli cha lori.

"Dakika moja tu, Kabale."

Akko akaangalia mbuzi. Mbuzi akaangalia Akko. Niliona uso wa mama yule ukitaka jambo kwa nguvu na kulikataa kwa nguvu hiyohiyo.

"Leo siko kazini," akasema.

 Chini ya lori spana ilisimama.

"Hujawahi kukataa mbuzi," Mzee Halake akasema taratibu. "Ulifunga mbuzi wangu siku ya harusi ya mwanao. Ukiwa na nguo za harusi."

"Mama amekuwa wa mjini," Kinoti akasema kutoka chini ya lori. "Bado hajafika Isiolo na ameanza kuringa."

"Wewe kaza nati," Akko akamjibu.

Nilimkasirikia, nakiri. Nilifikiri: kumbe ni majivuno. Anakwenda kukutana na daktari, basi mbuzi wamekuwa hadhi ya chini. Sikumwambia, lakini nilinyamaza kwa sauti, na alinisikia.

Mwishowe Mzee Halake alimfunga mbuzi mwenyewe, na Akko akiwa amekaa umbali wa hatua mbili, amejikunja ndani ya mtandio, akimwelekeza.

"Juu kidogo. Juu! Huo ni mguu, si kamba ya punda. Mshike hapo. Si hapo, Halake, hapo unamshika mtu anayetaka kukuzaba teke."

Mbuzi akamzaba teke. Walianza upya mara tatu. Ilituchukua karibu saa nzima, kazi ambayo mikono ya Akko ingeimaliza kabla ya chai kupoa. Mafundo yalikuwa mabaya, lakini mbuzi alisimama kwa miguu mitatu, akala karatasi ya biskuti yangu, na tukaiona hiyo kuwa dalili njema.

Na mimi? Jua lilikuwa limeshughulikia ngozi yangu. Zile kanda zilikuwa zimekuwa ngumu kama mbao, zinabana kila dakika kidogo zaidi, kwa subira. Nilimwomba Mzee Halake akate moja tu. Alirudi nyuma hatua mbili mikono ikiwa hewani.

"Binti yangu, mimi nina watoto saba na mbuzi arobaini. Siwezi kuongeza goti."

Nikamwomba Kinoti, ambaye ni Mkristo mwenzangu na hana habari na desturi hizo. Alichukua kisu. Akamwangalia Akko. Akakirudisha kisu mfukoni.

"Dada, mimi hupita Merti kila wiki," akasema. "Nataka kuendelea kupita."

Tulifika Archers Post saa nane na nusu. Mnajua kuna watu hawawezi kupita mahali fulani bila kula. Kinoti hapiti Archers Post bila ugali na matumbo. Nililia. Sisemi kwa lugha ya kitabu, nililia machozi yenye maji. Niliona ule mwezi mzima wa kungoja, nikaona ngazi za nyumba yetu Bulla Pesa ambazo mama hupanda mara ishirini kwa siku, nikajiona nimekaa chini yake nikimwita.

Akko akateremka peke yake kutoka kwenye lori, akiteleza kwa mgongo, akaingia hotelini nyuma ya Kinoti. Sijui alimwambia nini. Kinoti alitoka ameshika ugali mkononi, matumbo ndani ya mfuko wa karatasi, anatafuna na kukimbia.

Lami

Barabara ya lami baada ya siku mbili za vumbi ni kama kulala kwenye shuka iliyofuliwa. Lori liliacha kupiga kelele, mbuzi wakanyamaza kwa mshangao, nikaona vilima vya kwetu vikikua mbele polepole. Akko alikuwa ameshika chuma kwa kushoto na kutazama kila kitu. Hakuwa amekuja Isiolo kwa miaka mingi.

"Nyumba zimezaana," akasema.

Saa tisa na nusu Kinoti alitushusha langoni mwa kliniki. Mzee Halake alinishusha kwa mikono yake, akaniombea dua, akamwangalia Akko kwa muda, akasema kitu kwa Kiborana, chini chini. Akko alitikisa kichwa kukataa. Kisha lori likaondoka na yule mbuzi mweupe akitutazama kwa nyuma.

Ndani kulikuwa na watu wawili tu kwenye benchi. Mhudumu wa mapokezi, msichana aliyechoka mwenye kalamu nyuma ya sikio, alituona tukiingia: mimi narukaruka nimejishikilia ukuta, Akko nyuma yangu, uso umemkauka kwa vumbi na safari.

"Majina?"

"Nkatha," nikasema. "Na huyu ni Akko Kabale. Amenisindikiza."

Akaandika. Baada ya dakika kumi mlango wa chumba namba mbili ulifunguka na sauti ikaita, "Kabale!"

"Kabale haumwi!" Akko akafoka, akasimama kabisa. "Nani amesema Kabale anaumwa?"

Watu wa benchi wakacheka. Mhudumu akaangalia daftari lake, akaona ameandika wagonjwa wawili, akasema pole, ameshayaandika, na hana kifutio. Kisha akaita Nkatha. Tukaingia wote wawili. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

Chumba namba mbili

Daktari alikuwa kijana kuliko nilivyomweleza Akko. Koti lake lilikuwa tayari kwenye kiti na begi likiwa wazi mezani. Lakini alipoona mguu wangu akaliacha begi.

"Hii kazi imefanywa na nani?"

"Mimi," Akko akasema, kidevu juu.

"Nzuri. Tufungue." Akachukua makasi.

Mimi na Akko tulisema "Hapana!" kwa pamoja, kwa sauti iliyomfanya mhudumu achungulie. Nikamweleza daktari desturi yenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akayaweka makasi chini taratibu, akarudi nyuma, akanyoosha mkono kuelekea goti kama anayemkaribisha mgeni mezani.

"Karibu basi, mama."

Akko alipiga magoti mbele yangu. Akalishika fundo la kwanza kwa kushoto. Halikusogea. Lilikuwa limekuwa jiwe. Akainama, akajaribu kwa meno. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Akajaribu la pili. Hilo nalo lilikuwa jiwe. Dakika zikapita, na mimi, mjinga, nikasema, "Tumia mikono yote miwili, Akko."

 Aliinama zaidi.

Hapo ndipo nilipouona. Kwa kuinama vile mtandio ulikuwa umeteleza begani. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja lake, kifundo kimevimba kama kiazi, rangi ya zambarau na kijani, vidole vimejikunja. Nilikumbuka kikombe cha chai. Nilikumbuka mbuzi mweupe na uso wake pale kivulini. Nilikumbuka Mzee Halake akisema kitu chini chini langoni. Siku mbili nimekaa mbele ya mwanamke huyu nikitazama mandhari.

Daktari pia alikuwa ameuona.  Aliangalia saa, akasogeza kiti, akaketi, kama mtu mwenye jioni nzima.

"Nkatha," Akko akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. "Shika hii ncha. Mimi nashika hii. Nikisema vuta, vuta."

"Lakini si nitakuwa nimefungua?"

"Mguu ni wako tayari. Vuta."

Nikavuta. Yeye akavuta kwa kushoto, akasukuma fundo kwa kidole gumba, na likaachia kwa sauti ndogo kavu niliyoitambua. Halafu la pili, la tatu, la nne. Vijiti vikaanguka sakafuni. Hewa ikaingia kwenye ngozi yangu na sijawahi kusoma sentensi tamu kama ile.

Daktari aliligeuzageuza goti, akanituma nikapigwa picha chumba cha pili, akarudi na picha akaiweka kwenye mwanga. Mfupa mzima. Gegedu la ndani limechanika na kipande chake kimeingia katikati ya maungio. Ni upasuaji mdogo, ndani ya wiki mbili, hospitali kubwa, barua atatuandikia.

"Na mpira?" nikauliza.

"Baada ya miezi kadhaa, ukinisikiliza. Kama mtu angelivuta goti hili linyooke kwa nguvu, leo tungekuwa na mazungumzo mengine." Akamgeukia Akko. "Vijiti na ngozi havikusaidia kitu, mama. Karibu vingezuia damu. Lakini kumkataza yule aliyetaka kuvuta, hilo ndilo lililomwokoa."

"Amesema nimemwokoa," Akko akaniambia.

"Amesema na vijiti, Akko."

"Sikusikia mambo ya vijiti."

Mhudumu alileta magongo mawili na kunifundisha namna ya kuyatembelea. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi na robo. Daktari alifunga begi lake, akaliweka chini, akachukua karatasi iliyokuwa juu ya meza.

"Naona hapa bado nina mgonjwa mmoja," akasema. "Kabale."

Akko aliuvuta mtandio. "Hilo ni kosa la yule msichana."

"Ndiyo. Lakini ameshaandika kwa wino."

Nilingoja. Sikusema lolote, na mnajua kwangu hilo ni jambo kubwa. Akko alitazama vijiti vyake sakafuni, akatazama goti langu, akatazama mkono wa kushoto wa daktari na wa kulia, mmoja baada ya mwingine, kama anayepima zana za mtu mwingine. Kisha akasogea polepole mpaka kwenye kiti cha wagonjwa, akaketi, akautoa mkono nje ya mtandio na kuuweka juu ya meza.

"Ukiufunga," akasema, "utaufungua wewe mwenyewe."

"Nitaufungua mimi mwenyewe, mama. Wiki sita. Nitakuwa hapa."

"Na Merti wasijue."

"Simjui mtu Merti." Daktari alivuta taa karibu. "Uliumiaje?"

Akko alinigeukia. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na haya kiasi kile, wala akiwa na furaha iliyofichwa vibaya namna ile.

"Wewe, toka nje," akaniambia. "Mgonjwa hasikilizi ya mgonjwa mwenzake."

Nilishika magongo yangu, gongo la kushoto, gongo la kulia, mguu. Nilikuwa nimefika kizingitini nilipomsikia nyuma yangu akianza, kwa ile sauti yake ya kufoka, ila sasa alikuwa anajaribu kunong'ona na hajui.

"Nilikuwa nimekaa juu ya mtungi wa maji, daktari, juu ya mitungi mitatu, ili nione vizuri. Huyu msichana akapiga mpira. Daktari, goli lile! Nikaruka, mitungi ikabiringika..."

Mhudumu akauvuta mlango, ukafungwa nyuma yangu.